Tulivyokwenda Kuposa Olkaria kwa Pikapu ya Kaka Athmani

Tangu turudi, hakuna mtu anayenunua mahamri kwangu kimya kimya. Mteja anachukua mawili, anasimama, kisha anauliza, "Eti polisi walitaka dawa ya kunguni?" Mwingine amesikia kwamba Ami Salim alibomoa gari kwa mikono yake. Nimechoka kuanza hadithi upya kila asubuhi mafuta yakiwa motoni, kwa hiyo nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome huku nikimfungia mahamri yake.

Kaka Athmani mnamjua, lakini nitamtaja kwa ajili ya wale wa mbali. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, fundi wa redio hapa Bondeni, umri wake hamsini na nane. Alifiwa na mkewe, Maimuna, miaka sita iliyopita. Mwaka jana mama mmoja anayefanya kazi kwenye mitambo ya mvuke Olkaria alimletea redio iliyokuwa imeshindikana kwa mafundi watatu. Akaitengeneza. Yule mama, jina lake Halima, akarudi na redio nyingine ambayo, kwa maoni yangu, haikuwa na ubaya wowote. Akarudi tena. Mambo yakawa mambo.

Pikapu nayo mnaijua, au angalau mmewahi kuisikia. Aliinunua ikiwa kuukuu tayari, halafu akaanza kuibadilisha. Chuma cha nyuma kilipoliwa na kutu alikitoa chote, akajenga bodi ya mbao na kuipaka rangi ya kijani. Taa za nyuma ni za trekta. Kiti kilitoka kwenye basi. Pampu ya mafuta aliweka ya umeme, na juu ya paa akafunga spika mbili, kwa sababu siku za soko humkodishia gari muuza dawa za wadudu. Ile sauti inayotangaza panya na mende mitaani ni yake mwenyewe, aliirekodi siku moja akiwa na mafua.

Safari ya kwanza ya kuposa ilikuwa miezi mitatu kabla ya hii. Gari lilizimika Mbaruk, tukakaa kando ya barabara hadi jioni, tukarudi kwa kuvutwa. Huko Olkaria watu wa Halima walikuwa wamepikia wageni ishirini. Halima alituma ujumbe mfupi: njooni mara ya pili, lakini ya tatu haitakuwepo. Na siku hiyo ya pili anaingia zamu ya jioni, basi la wafanyakazi linampitia saa kumi kamili.

Nilimwambia kaka tukodi gari la mtu. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana marehemu baba. "Nimemwambia nakuja na gari langu," alisema. Yakaisha.

Bondeni mpaka Milimani

Tulitoka saa mbili asubuhi. Nyuma tulipakia sanduku la nguo za kumpelekea Halima, gunia la viazi vya Molo, na beseni langu la mahamri sitini yaliyofunikwa kwa kitambaa. Beseni nililihamisha mbele baada ya dakika mbili, kwa sababu ya vumbi. Nilikaa katikati, gia ikiwa baina ya magoti yangu, na kila kaka alipotaka kuingiza gia ya pili ilibidi niombwe radhi.

Tulikwenda kwanza kumchukua Ami Salim, ndugu mdogo wa baba yetu, ambaye ndiye msemaji wetu. Ana miaka sabini na sita na sikio la kushoto halisikii vizuri. Anaishi Milimani kwa binti yake, kwenye nyumba yenye miti mirefu na mtaa mtulivu kiasi kwamba unasikia mtu akifagia nyumba ya tatu.

Kaka aliwasha indiketa ya kushoto, akakanyaga breki kuingia langoni. Papo hapo spika zikafunguka juu ya vichwa vyetu: "PANYA! MENDE! KUNGUNI! VIROBOTO! Wanakula chakula chako! Wanalala kitandani mwako! Leo ni leo!"

Ndege waliruka kutoka mitini. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Kaka alipigapiga swichi ya spika, na swichi ilikuwa imezimwa tayari. Gari liliposimama aliachia breki, kelele zikakatika.

"Swichi imeshika unyevu," alisema.

Lango la jirani lilifunguka, akatoka mama mmoja amevaa gauni la kulalia na koti juu yake. "Boss, nipee ya mende. Ile ya unga."

"Hatuuzi, mama," kaka alimjibu.

"Si mmetangaza?"

"Ni gari limetangaza. Sisi hatuuzi."

Yule mama alitazama spika, akanitazama mimi na beseni langu. "Na hapo ndani ni nini mmefunika?"

Nilimwonyesha mahamri. Alinunua manne, akaenda zake bila dawa. Ami Salim alikuwa amesimama kwenye ngazi, kanzu nyeupe, koti jeusi, bakora mkononi. Alingoja mpaka nikamfungulia mlango. "Athmani," alisema, "tunakwenda kuposa au tunakwenda kuua panya?"

Milimani mpaka Mbaruk

Hadi Lanet mambo yalikuwa shwari. Ami alikuwa ananisomea hotuba yake, ambayo ilianzia kwa babu aliyekuja Nakuru kujenga reli. Kila ukurasa ukiisha alipenyeza mkono chini ya kitambaa akachukua hamri. Nilimwambia ni ya wakwe. "Najua," alisema. "Nahakikisha hayajaharibika."

Ilipoanza manyunyu kaka aliwasha waipa, honi ikalia. Akazima waipa, honi ikanyamaza. Aliendesha kilomita tatu hivi akiwa ametoa kichwa dirishani.

Karibu na Mbaruk polisi wa barabarani alitupungia tusimame. Nilimsihi kaka moyoni asiwashe indiketa. Aliiwasha, kwa sababu ni mtu wa sheria. Akakanyaga breki.

"PANYA! MENDE! KUNGUNI!"

Afisa alikuja dirishani akiwa ameziba sikio moja. "Zima hiyo kitu!"

"Imezimwa, afande!"

"Nimesema zima!"

"Wanalala kitandani mwako!" spika zilimjibu, kwa sauti ya kaka mwenye mafua.

Pale barabara ina mteremko kidogo, na kaka alikuwa amekaza mguu kwenye breki gari lisimsogelee afisa. Ndipo nikaona. Nilimwambia, "Kaka, vuta hendibreki, halafu toa mguu." Akafanya hivyo. Kimya. "Kanyaga tena." Akakanyaga. "VIROBOTO!" Toa. Kimya.

"Ni breki," nikasema.

"Breki na spika hazijuani," kaka alisema kwa hasira. "Nimezifunga mimi mwenyewe, kila moja na njia yake."

Afisa alituomba leseni ya biashara ya dawa. Ami, aliyesikia neno "biashara" peke yake, alidhani anaulizwa kazi ya familia, akaanza na babu wa reli. Ilichukua muda. Mwishowe afisa alielewa kwamba kuna mchumba anayengoja Olkaria na basi la saa kumi, uso wake ukalegea.

"Hii ni mara ya pili? Na ya kwanza mlikwama?" Alitikisa kichwa kama mtu wa nyumbani. "Mzee, mimi siwezi kukuacha uende na gari iko namna hii. Pitia Gilgil, karibu na soko, uliza Nyambura fundi wa waya. Huyo hakuna gari inamshinda." Kisha akainama dirishani, akashusha sauti. "Na hiyo ya kunguni, kweli hamna hata pakiti moja? Pale tunalala wanatumaliza."

Hatukuwa nayo. Nilimpa mahamri mawili.

Gilgil

Tulifika Gilgil saa tano kasoro, injini ikikohoa kila kaka alipokanyaga breki. Nyambura alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, ovaroli la buluu, na shingoni alining'iniza taa ndogo ya kupimia, ile yenye ncha upande mmoja na waya mrefu upande mwingine. Alifungua chini ya dashibodi, akachungulia, akatoka, akachungulia tena.

"Nani alifunga hii maneno?"

"Mimi," kaka alisema, kifua mbele.

"Mzee, waya zote ni nyekundu."

"Nilinunua mzingo mzima kwa bei nzuri."

"Zote?"

"Nyekundu inapitisha vizuri."

Nyambura alinitazama, nikatazama pembeni. Ami alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai akiagiza chai ya maziwa na kumweleza mwenye kibanda kuhusu reli.

Nyambura alianza kazi. Aligusisha ncha ya taa yake hapa na pale, akaniambia nikanyage breki, niachie, niwashe indiketa, nizime. Wapita njia walikuja na kuondoka wakiuliza bei ya dawa. Baada ya nusu saa alijipangusa mikono akamwita kaka.

"Shida si swichi, si betri. Shida ni arthi ya huko nyuma, ile waya ya kurudisha moto. Moto ukitoka kwa betri ukifanya kazi kwa taa, lazima urudi nyumbani kwa betri. Gari ya chuma, mwili wote ni njia ya kurudi. Yako umeweka mbao. Sasa taa za nyuma ziko na njia moja tu ya kurudi, na hiyo njia imezibika. Ukikanyaga breki, moto unafika nyuma unakosa mlango. Unarudi kwa waya ya indiketa, unaingia kwa spika kupitia huko. Na pampu yako ya mafuta umeifunga kwa arthi hiyo hiyo, si ndiyo? Ndio maana injini inakohoa. Ikizibika kabisa, gari inazima."

Alisema kwa utaratibu, bila dharau hata kidogo. Mimi nisiyejua waya nilielewa. Nilimtazama kaka nikaona naye ameelewa, tena kabla yangu, na hapo ndipo palipokuwa na matatizo.

"Ni betri," alisema.

"Mzee, nimepima betri."

"Nimefanya umeme miaka thelathini."

"Sawa. Wacha nitoe mbao tatu hapa nyuma nione hiyo arthi iko wapi. Saa moja peke yake."

"Mbao zangu haziguswi. Nilizipiga randa moja moja. Halima hajaziona bado."

Hapo ndipo Nyambura alipofahamu habari za Halima, na nilimweleza yote, basi la saa kumi na kila kitu. Aliwaza. Halafu alisafisha vichwa vya betri, akabadilisha fyuzi iliyokuwa imefungwa kwa karatasi ya sigara, akakata waya mweusi mrefu kama wa kuanikia nguo na kumkabidhi kaka pamoja na namba yake ya simu. "Ikikataa mbele, unipigie."

Kaka aliutupa ule waya nyuma ya kiti. Tulikuwa tunataka kuondoka, lakini Ami alikuwa ameagiza maharagwe na chapati, na Ami hakurupushwi. Tulitoka Gilgil saa saba na robo. Mahamri yalikuwa thelathini na tano, kwa maana Nyambura naye alikataa kulipwa chochote kingine.

Gilgil mpaka njia ya ziwani

Kwa nusu saa kaka aliendesha akipiga mluzi. Kusafisha betri kulikuwa kumesaidia kidogo, na kila gari lilipotulia alisema, "Si nilisema ni betri?" Tulipita Naivasha, tukakata kwenda njia ya kusini mwa ziwa, kwenye mashamba ya maua. Kulikuwa na matuta. Tuta la kwanza, breki, "PANYA!" Tuta la pili, "MENDE!" Wasichana waliokuwa wanatoka zamu shambani waliimba pamoja na spika. Kwenye tuta la nne spika zilisema "KUNGU—" zikafa. Injini ikafa nazo.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Kaka alishuka, akafungua boneti. Akafunga. Akafungua. Ng'ambo ya barabara pundamilia watano walikuwa wanakula majani wakituangalia kama watu wenye nafasi. Kaka alishika waya mmoja mwekundu, akaufuata kwa vidole hadi ulipoingia kwenye fungu la waya nyekundu, akaupoteza. Akashika mwingine. Baada ya robo saa alikwenda kuketi kwenye ukingo wa barabara na viatu vyake vya posa.

Niliketi karibu naye. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga tangu Milimani. Lakini alisema kwanza.

"Zainabu, sikumbuki nilivyoifunga."

"Waya zipi?"

"Zote. Nilikuwa nafanya usiku, baada ya Maimuna kufariki, ili nisiingie ndani ya nyumba. Leo naongeza taa, kesho naongeza spika. Sikuandika popote. Sasa siijui gari yangu." Alijipangusa uso kwa mkono wenye grisi, ikabaki alama. "Halima ananijua kama mtu anayetengeneza vitu. Nikifika na gari limefunguliwa na fundi mwingine, mimi ni nani kwake?"

"Na usipofika kabisa?"

Nikatoa simu yangu. Nambari ya Nyambura nilikuwa nimeichukua Gilgil wakati kaka anautupa waya. Sikumwomba ruhusa.

"Imekataa?" Nyambura aliuliza kabla sijamaliza salamu.

"Imekataa."

"Ng'oa mbao. Za nyuma, upande wa dereva. Weka simu kwa spika."

"Spika zimekufa," kaka alisema.

"Spika ya simu, mzee."

Spana ya magurudumu tulikuwa nayo, lakini kaka aliposimama mbele ya zile mbao zake za kijani mkono wake haukuinuka. Ndipo Ami Salim alipovua koti, akalikunja, akanipa. Akapanda nyuma na kanzu yake, akachukua spana mikononi mwa kaka, akaipenyeza chini ya ubao wa kwanza na kuuegemea kwa uzito wake wote. Ubao ulitoka na mlio mkubwa. Pundamilia walikimbia. Ubao wa pili. Wa tatu.

"Nimeona waya nyekundu," nilimwambia Nyambura.

"Nina hakika umeona. Inaishia wapi?"

Kaka aliingiza kichwa. Alichungulia mpaka Nyambura akauliza kama bado tupo.

"Nimeifunga kwenye ubao," kaka alisema.

"Kwenye nini?"

"Kwenye ubao. Kuna bolti linapita kwenye ubao lilikuwa linagusa chuma cha chasi upande wa pili. Limeliwa na kutu. Haligusi kitu."

Upande wa pili wa simu tukasikia kicheko, kicheko cha mtu anayejitahidi kukizuia na kushindwa. Nami nikacheka. Ami hakuwa amesikia lolote lakini alicheka kwa ajili yetu. Na kaka, akiwa bado ameinama na kichwa kwenye tundu, mabega yakaanza kumtikisika.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Nyambura aliagiza, kaka akatenda: kwaruza chasi hadi ing'ae, menya waya mweusi, funga hapa taa, funga hapa pampu, kaza, sasa peleka mwisho wake moja kwa moja hadi betri. Hakubisha hata mara moja. Alirudia kila agizo kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Alipogeuza ufunguo tulisikia pampu ikinguruma kule nyuma, kisha injini. Akakanyaga breki. Tulitazamana wote watatu tukingoja. Hakuna panya, hakuna mende. Taa nyekundu za trekta peke yake.

"Asante, fundi," kaka aliiambia simu yangu.

"Nendeni," Nyambura alisema. "Saa tisa na nusu hii."

Olkaria

Mvuke wa visima tuliuona kwa mbali, mweupe juu ya vilima, halafu ile harufu kama ya mayai. Nyumba ya kaka yake Halima, Bwana Idi, iko karibu na njia wanayopita wafanyakazi. Tulipofika ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na basi lilikuwa limeshasimama mbele ya lango.

Bwana Idi alikuwa mlangoni amefunga mikono. Nyuma yake nilisikia vyombo na watu wengi walionyamaza ghafla. Halima alikuwa kwenye ngazi, ovaroli limempwaya, kofia ngumu kwapani, mtandio umefunika nywele. Alitutazama: mimi na beseni, Ami na kanzu nyeupe iliyochafuka rangi ya kijani ya mbao, kaka na uso wenye grisi, na nyuma ya gari pengo la mbao tatu kama la meno yaliyong'oka.

"Tena," alisema Bwana Idi.

Ami alifungua karatasi zake. "Babu yetu alipokuja Nakuru kujenga reli—" Dereva wa basi akapiga honi.

Kaka alimwomba Ami radhi, akapita mbele. Nilidhani atasema ni betri. Nilikuwa nimejiandaa.

"Halima," alisema, "gari lilizimika kwa sababu yangu. Nilifunga waya vibaya, miaka mingi iliyopita. Fundi wa Gilgil aliniambia asubuhi nami nikakataa kusikia. Amenielekeza kwa simu, nikatengeneza. Nilikosea. Mara ile ya kwanza pia nilikosea."

Miaka hamsini na kitu nimekuwa dada yake, na sikumbuki kama nimewahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Bwana Idi alifungua mikono yake. Halima alishuka ngazi, akampita kaka, akazunguka nyuma ya pikapu, akachungulia kwenye tundu. Alikaa huko kwa muda ambao honi ililia mara mbili. Alishika ule waya mweusi, akauvuta kidogo kupima kama umekazwa.

Kisha akaenda zake, akapanda basi.

Mlango ulifungwa. Basi likaanza kusogea. Kaka alikuwa amesimama barabarani mikono imening'inia. Ndipo dirisha la tatu lilipofunguka kwa nguvu, Halima akatoa kichwa na kofia yake ngumu.

"Idi!" alipaza sauti. "Nimekubali! Wakaribishe ndani wale, mimi natoka asubuhi!"

Basi zima lilipiga makofi na miluzi, na dereva akaegemea honi mpaka kona. Kule mlangoni wanawake walianza vigelegele.

"Amesema nini?" Ami aliuliza, ameshika ukurasa wa kwanza.

Nilimwambia kwenye sikio la kulia. Alikunja karatasi zake taratibu, akazitia mfukoni, akasema kwamba hotuba ni nzuri hata hivyo na atawasomea wakila.

Bwana Idi alitupokea viatu mlangoni. Niligeuka kumwita kaka, nikamwona bado amesimama katikati ya barabara, akitazama pale basi lilipopotelea kwenye mvuke. Nilimwacha. Niliingia ndani nikamtengea sahani yake, nikaifunika.